Jinsi ya kupata kikundi cha kuacha pombe karibu na kwako

Vikundi vya watu wanaoacha pombe havina bango. Mganga kutoka Tanga ana karatasi yake kwenye kila nguzo ya stima kati ya Githurai na Roysambu. Watu hawa hawana hata moja. Wanakutana kimya kimya kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye darasa la shule baada ya masomo, au chumba cha nyuma cha hospitali, na wengi wao hawataki jirani ajue wametoka wapi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka na miaka mita mia mbili kutoka kwenye mkutano unaofanyika kila Jumanne jioni, asijue kama upo.

Mwongozo huu ni wa kuwatafuta. Mifano mingi ni ya Kenya, ila msomaji wa Tanzania nimemwekea njia zake pale zinapotofautiana.

Nitangulize jambo moja kwa sababu litajitokeza tena na tena huko mbele: chagua kikundi kwa saa na kwa nauli kabla ya kukichagua kwa sifa. Mkutano maarufu ulioko upande wa pili wa mji, Jumamosi asubuhi, hautakufaa kitu Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara umeshaingia kwenye simu na wenzako wameshakuwekea kiti.

Hatua ya kwanza: mwili kabla ya kikundi

Kama ukiamka asubuhi mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, jasho linakutoka, na hutulii mpaka utoe loki (Watanzania husema kuzimua), usianze na kikundi. Anza na hospitali.

Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka hauipokei vizuri habari ya kukatiwa ghafla. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa sita na ishirini na nne baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kumpata mtu ndani ya siku mbili za kwanza, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, joto la mwili linapanda, hawajui ni usiku au mchana. Hiyo ni dharura, na watu hufa nayo. Vijijini mara nyingi husemwa amerogwa, akapelekwa kuombewa, wakati anachohitaji ni kitanda cha hospitali, maji ya mshipani na dawa.

Dawa zenyewe zipo na si za ajabu. Kwa kawaida ni diazepam au dawa za jamii yake, zinazotolewa kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo. Usijinunulie diazepam dukani ukajitibu. Nayo huzoeleka, na ikikutana na pombe tumboni inaweza kukuzimia pumzi usingizini. Aliyewahi kupata degedege, mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, au anayeishi peke yake asithubutu kuacha bila kuonwa na daktari.

Huna uhakika uko kundi gani? Mwombe muuguzi au afisa wa kliniki akupitishe kwenye AUDIT, maswali kumi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Alama nane kwenda juu ni onyo. Ishirini kwenda juu huashiria kwamba huenda pombe imeshakushika. Anayekunywa wikendi tu, na katikati ya wiki hatetemeki wala hatokwi jasho akiikosa, anaweza kwenda moja kwa moja hatua ya pili.

Hospitali itakusaidia kupita siku za mwanzo. Siku za mbele, zile za kuchoka, za msiba, za timu yako kushinda, hazina dripu. Hapo ndipo kikundi kinapoingia.

Hatua ya pili: jua unatafuta watu wa namna gani

Kinachojulikana zaidi duniani ni AA (Alcoholics Anonymous), ushirika wa walevi wanaosaidiana bila kutajana majina kamili. Ulianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, pale dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe alipomtafuta mlevi mwenzake, daktari wa upasuaji, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba kuzungumza na mlevi mwingine kunampunguzia yeye mwenyewe hamu ya kunywa. AA haina ada wala fomu ya kujiunga, na haipokei ruzuku ya serikali wala ya mfadhili. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Wanafuata Hatua Kumi na Mbili, zinazomtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa.

Inasaidia kweli? Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa za Marekani, wakaona kwamba kwa kigezo cha kuacha kabisa, AA na tiba zinazomwelekeza mtu kwenye AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika. Hilo linatosha kumjibu shemeji anayesema ni mahali pa kupiga soga.

Kuna vikundi vya makanisa. Faida yake ni kwamba vipo hata mahali ambako hakuna kitu kingine, na unaimba nyimbo unazozijua. Kasoro yake ni kwamba mzee wa kanisa anayekuongoza ndiye huyo huyo anayekaa kwenye kamati itakayoamua kama utaendelea kuwa shemasi. Kabla ya kufungua moyo, uliza kinachosemwa humo kinaishia wapi.

Kwa Muislamu wa Mombasa, Lamu au Unguja, aibu huwa mara mbili: ya ulevi, na ya kuutenda katika jamii ambayo pombe ni haramu. Wengi hujificha mpaka macho yanageuka manjano. Mkutano wa AA kufanyika katika ukumbi wa kanisa hakuufanyi uwe wa Kikristo. Mara nyingi ukumbi ni wa kukodi tu. Ni kweli vikundi vingine hufunga kwa sala ya Baba Yetu, na una haki ya kunyamaza wakati huo. Kuna pia Millati Islami, ushirika ulioanzia Baltimore, Marekani, mwaka 1989, ambao ulizipanga upya zile hatua kwa misingi ya Uislamu. Maandishi yake yako mtandaoni na yanafaa kusomwa hata na watu watatu sebuleni.

Wasiopenda habari za dini wana SMART Recovery, ya tangu 1994, inayotumia mbinu za saikolojia. Nyingi ya mikutano yake utakayoipata ni ya mtandaoni, kwa Kiingereza.

Halafu kuna vikundi vya waliomaliza rihabu, yaani matibabu ya kulazwa kituoni ili kuacha ulevi. Vituo vingi huwaita wahitimu wake kila wiki au kila mwezi, na baadhi humpokea hata asiyelazwa hapo. Tanzania bara na Zanzibar, nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, ndizo zenye mikutano ya aina hii. Nyingi zilianza kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Usishangae basi ukiwa mlevi wa gongo peke yako kati ya vijana waliokuwa wakivuta unga. Utawaelewa haraka kuliko unavyofikiri, ingawa mimi ningemshauri mlevi atafute walevi akiwapata.

Na kama anayekunywa ni mumeo, mama yako au mwanao, kikundi chako ni kingine. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya ndugu na wenzi wa walevi. Nenda hata kama mgonjwa wako amekataa kwenda kwake. Huko hutafundishwa mbinu za kumwachisha; utakutana na wake na akina mama waliochoka kama wewe, na wengine wameshajifunza kulala usiku.

Hatua ya tatu: pa kuuliza, na namna ya kuuliza

Njia fupi kwa aliye Kenya ni simu 1192, ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni ya bure na hupokewa usiku na mchana. Tanzania, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Kazi yao kubwa ni dawa za kulevya, lakini wanazifahamu nyumba za upataji nafuu zilipo.

Usiulize "mna msaada gani?" Swali pana huzaa jibu pana, na utaambiwa ufike ofisini. Taja mtaa wako, taja saa unazopatikana, taja unachotaka: "Nipo Kasarani, natoka kazini saa kumi na moja, natafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe ninaoweza kufika kwa matatu moja. Kama hakuna wa AA, kituo gani cha karibu kina kikundi cha wahitimu?" NACADA pia huwa na orodha ya vituo vya rihabu ilivyoviidhinisha, kaunti kwa kaunti. Hata kama huna nia wala pesa ya kulazwa, ipigie simu rihabu iliyo karibu na umuulize mshauri wao wateja wakitoka huenda mkutano gani. Yeye anajua, kwa sababu ndiye anayewaelekeza.

Hospitali kubwa za umma ni chimbuko jingine. Nairobi kuna Mathari. Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Mombasa kuna kituo cha Miritini. Dodoma kuna Mirembe. Dar es Salaam kuna Muhimbili. Nje ya miji hiyo, nenda hospitali ya kaunti au ya mkoa siku ya kliniki ya afya ya akili. Usimuulize askari wa getini wala karani wa mapokezi. Mtafute muuguzi wa afya ya akili au afisa wa ustawi wa jamii. Hao ndio wenye namba za simu kwenye daftari.

Kisha kuna mtu ambaye hayupo kwenye orodha yoyote, nami ningemweka juu ya wote: mlevi aliyeacha. Kila mtaa una mmoja. Ni yule aliyekuwa akiokotwa mtaroni, siku hizi harusini anaomba soda. Mfuate akiwa peke yake, usimuulize mbele ya watu, na usianze kwa "nasikia wewe ulikuwa mlevi." Mwambie tu, "Kaka, nataka kuacha. Wewe ulipitia wapi?" Sijui wengi ambao wangelikataa swali hilo. Ataacha alichokuwa akifanya.

Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba naye ana habari nyingi, ila kumbuka anaishi mtaani kwenu na anamjua mama mkwe wako.

Mtandaoni, AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide, ya bure, inayoonyesha mikutano iliyo karibu na ulipo. Itumie, lakini usiiamini peke yake: vikundi vidogo havijaorodheshwa humo, na ukumbi hubadilishwa kabla ya orodha kurekebishwa. Ukipata namba, tuma ujumbe kwanza. Kwa mfano:

"Habari. Namba hii nimepewa na kliniki. Natafuta mkutano wa kuacha pombe upande wa Ruiru. Mnakutana siku gani, saa ngapi, na lango ni lipi? Nikifika nimuulizie nani?"

Swali la lango si dogo. Watu wengi wamefika, wakaona kanisa limefungwa mbele, wakarudi zao kupitia baa. Mlango ulikuwa nyuma.

Hatua ya nne: chuja kabla ya kwenda

Uliza kama mkutano ni wa wazi au umefungwa. Wa wazi anaingia yeyote, hata dada yako aliyekusindikiza. Uliofungwa ni kwa wenye tatizo la pombe pekee. Uliza lugha. Nairobi mikutano mingi huchanganya Kiingereza na Kiswahili. Kwingine utasikia lugha ya nyumbani. Mwanamke aulize kama wanawake wengine huja, na kama mkutano unaisha kabla matatu hazijapungua barabarani.

Kuna dalili zikijitokeza, aga kwa heshima usirudi:

– Unadaiwa ada ya kujiunga, au unaambiwa uponyaji una bei. Kikapu cha mchango kikipita ni kawaida, na mgeni halazimiki kutia kitu.
– Unaambiwa uache dawa za HIV, za kifafa au za akili kwa sababu "imani inatosha".
– Ushuhuda wako unarekodiwa kwa simu ili uwekwe mtandaoni.
– Watu wanafungwa minyororo, wanachapwa, au hawaruhusiwi kuondoka.
– Mtu wa zamani kikundini anamzoea mgeni kupita kiasi, hasa mwanamume kwa msichana aliyekuja juzi. Ndiyo maana desturi nzuri ni mwanamke ashikwe mkono na mwanamke.

Na hili la unga wa kutiwa kwenye chai. Wapo wanaowauzia wake "dawa ya kumwachisha pombe bila yeye kujua". Mara nyingine ni majani tu. Mara nyingine ni disulfiram, dawa halali ya hospitali ambayo humfanya anayekunywa pombe juu yake atapike, moyo umwendeshe mbio na shinikizo la damu lishuke. Kwa anayejua anameza nini na kukubali, chini ya daktari, ni chombo kizuri. Kumtilia mtu kwa siri kunaweza kumuua siku hiyo hiyo atakapopitia kilabuni. Kikundi kinachouza unga kama huo si kikundi.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Nenda mapema kidogo, dakika kumi hivi, kwa sababu ni vigumu kuingia watu wakiwa wameshakaa na macho yote yakageuka. Mkutano wa kawaida huchukua saa moja au moja na nusu. Mwenyekiti wa siku hiyo husoma maneno ya ufunguzi, kisha watu huzungumza kwa zamu: "Naitwa fulani, na mimi ni mlevi." Wengine hujibu, "Karibu." Anasimulia kilichompata, wengine wanasikiliza. Hakuna anayekatiza, hakuna anayetoa ushauri wala kubishana. Zamu ikikufikia na hutaki, sema, "Leo nasikiliza tu." Inatosha, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Jina la kwanza linatosha. Unaweza hata kutumia jina la utani. Na kama umeingia ukamkuta mwalimu wa mwanao au kondakta wa gari lako la kila siku? Hutokea sana, hasa miji midogo, na ndiyo hofu kubwa inayowarudisha watu nyumbani kutoka langoni. Kumbuka tu kwamba naye amekuona, na amekuja kwa sababu hiyo hiyo. Mkikutana sokoni mnasalimiana kama siku zote, habari ya ukumbini haitajwi.

Ukiwa umekunywa, je? Nenda. Vikundi vingi havimfukuzi aliyelewa akiwa mtulivu. Vinamwomba tu asizungumze siku hiyo. Ila usiende na chupa.

Huenda usipende. Mtu wa kwanza ataongea sana, kiti kitakuwa cha plastiki chenye ufa, na simulizi za wenzako zitakufanya useme, "Mimi sijafika huko." Usihukumu kwa siku moja. Jaribu mikutano kadhaa, na kama ipo zaidi ya mmoja mjini, zunguka. Kabla ya kuondoka chukua namba mbili tatu za simu za watu walioacha muda mrefu. Baadaye mmoja wao atakuwa sponsa wako, mzoefu unayempigia kabla ya kunywa. Usiwe na haraka ya kumchagua. Angalia nani anaishi anavyosema.

Hatua ya sita: pangilia wiki yako kwa saa za kiu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo miongozo mingi hupita haraka.

Chukua karatasi. Andika siku saba, na chini ya kila siku andika saa ambayo kwa kawaida glasi ya kwanza hushuka, uko wapi, na nani yuko nawe. Mfanyakazi wa ofisini Nairobi ataona Ijumaa jioni, na labda Jumapili alasiri mbele ya mpira. Fundi wa mjengo analipwa Jumamosi mchana. Mtu wa bodaboda hana siku maalumu. Ana saa, ile mvua inaponyesha na abiria hakuna. Mkulima wa chai anaijua siku ya bonasi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inaziruhusu baa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu, mpaka saa tano usiku. Kwa anayekunywa bia ya baa, dirisha lake la hatari linajulikana. Mkutano unaoanza saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili katikati ya mji, njiani kwenda stejini, unakata dirisha hilo katikati. Ukitoka huko ni saa moja na nusu, una njaa, unataka kwenda nyumbani. Kwa hiyo mkutano wa jioni karibu na kazini mara nyingi unamfaa mtu kuliko ule wa karibu na nyumbani, ambao angetakiwa kuvuka baa nne kuufikia.

Anayekunywa chang'aa kwa mama pima au mnazi mangweni hana ratiba ya sheria, mlango uko wazi toka alfajiri. Huyo anahitaji kitu cha asubuhi. Kama hakuna mkutano wa asubuhi, apange simu ya asubuhi: saa moja kamili anampigia sponsa, kila siku, hata kama ni dakika mbili.

Kuna desturi ya AA ya kuhudhuria mikutano tisini ndani ya siku tisini za mwanzo. Ni wazo zuri, na Nairobi linawezekana. Kwa mtu wa Kitui au Njombe, nauli peke yake ingemrudisha kwenye pombe kwa hasira. Piga hesabu ya nauli ya mwezi mzima mapema, ilinganishe na ulichokuwa ukinywa kwa wiki moja, na tenga pesa hizo kando siku ya mshahara. Pengo linalobaki lizibe kwa mikutano ya mtandaoni, ambayo AA inayo usiku na mchana kupitia Zoom, na wengine kwa simu ya kawaida. Saa za dunia hapa zinatufaa kuliko tunavyodhani. Wiki za kwanza usingizi hukatika. Mtu anaamka saa tisa au kumi za usiku, nyumba kimya, mawazo yanamzonga. Saa hizo New York ni saa mbili usiku, na mikutano yao ndiyo kwanza inaanza. Ya London ya jioni hukufikia saa tatu au nne usiku. Zima kamera ukitaka. Bando likiwa tatizo, sauti tupu hula kidogo.

Usisahau Desemba. Safari za ushago, harusi, rupurupu za mwisho wa mwaka, na matanga ambako muratina au mbege hupitishwa kwa heshima na kukataa ni kama kumtusi mwenye msiba. Kabla ya kusafiri, tafuta mkutano ulio karibu na huko unakokwenda kwa njia zile zile za hatua ya tatu, na mwambie ndugu mmoja tu, unayemwamini, kwamba umeacha. Yeye ndiye atakayekukalia karibu kibuyu kikija.

Yuko pia mama anayepika pombe na kuinywa. Kwake ushauri wa "epuka mahali pa pombe" ni kichekesho. Pipa liko jikoni na karo ya watoto inatoka humo. Kikundi kitakachomfaa ni kile chenye mtu wa kumsaidia kutafuta biashara nyingine, na hapo afisa wa ustawi wa jamii ana kazi kuliko mhubiri.

Hatua ya saba: kama hakuna kabisa

Anzisha. Kwa desturi za AA, walevi wawili au watatu wanaokutana ili kuacha pombe wanatosha kujiita kikundi, mradi hawajafungamana na shirika jingine. Wewe na yule wa soda ya harusini mnatosha. Tafuteni mahali pasipokuwa nyumbani kwa mtu, kwa maana nyumbani kuna watoto wanaosikiliza mlangoni. Chagueni siku moja na saa moja, msiibadilishe, hata akija mtu mmoja tu akakaa peke yake saa nzima. Mjulisheni muuguzi wa zahanati na kasisi au imamu kwamba mpo, ili wajue pa kumwelekeza mtu. Kisha waandikieni AA wa Nairobi au wa mji mkubwa wa karibu. Vikundi vikongwe huwa tayari kutuma mtu au maandishi.

Onyo moja, na ni la kwetu hasa: msigeuze kikundi kuwa chama. Sisi watu wawili tukikutana mara tatu tunaanza kuchangishana, mwezi huu wako, mwezi ujao wangu. Mlevi wa wiki ya pili akikabidhiwa fedha za wenzake, amewekewa mtego; akizinywa, hatarudi, kwa kuwa sasa ana deni juu ya aibu. Mchango uwe wa chai na kodi ya ukumbi tu, uishe siku hiyo hiyo. Anayetaka merry-go-round ajiunge na nyingine.

Ukiteleza

Wengi huteleza. Tuma ujumbe kabla hujapata muda wa kutunga maelezo: "Nimekunywa jana. Nakuja leo." Usisubiri utakate kwanza ndipo urudi, wala usihame kikundi kwa kuona haya, wanaokujua ndio watakaogundua haraka ukianza tena kukosa Ijumaa. Mawazo ya kujiua yakija, usisubiri mkutano: nenda hospitali, au kwa Kenya piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Na kama uliteleza kwa wiki nzima, ukinywa kila siku, kisha unataka kuacha tena, rudi hatua ya kwanza, usirukie ya tano. Kila mara mwili unapokatiwa pombe baada ya kuizoea upya, kutetemeka na degedege huweza kuja kwa nguvu kuliko mara iliyopita, hata kama safari iliyotangulia uliacha nyumbani bila shida. Mwambie daktari hii ni mara ya ngapi, na mwambie sponsa uko wodi gani. Siku za kumtembelea mgonjwa, mkutano mdogo unaweza kufanyika hapo hapo kando ya kitanda.